Namba Moja Kwenye Karatasi ya Seneti

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na sio kukumbuka ile ya mtu kukuna kichwa kwanza. Hii inakuja yenyewe nikiwa nafunga kamba ya kiatu. Ni siku Seneti ilikuja Thika, mimi nikashika maikrofoni nikaongea maneno ambayo mpaka leo yananiongelesha.

Usiniangalie hivyo. Najua umri wangu hautoshi kukuita mwanangu. Hata ndevu zangu ziko kama nyasi ya hapa kwetu Gatuanyaga wakati wa kiangazi, moja hapa, ingine huko. Lakini hapa steji ya bodaboda mimi ndio wa zamani, na kuna watu huzeeka kwa miaka na wengine huzeeka kwa makosa. Mimi nilizeeka kwa asubuhi moja. Keti hapo juu ya pikipiki yako, abiria bado hawajafika, nikupatie yote.

Seneti wewe unaijua kwa TV tu. Iko hivi. Bunge ziko mbili. Ile ya juu ndio Seneti, na huko kila county inachagua seneta wake mmoja, na ikifika kura ya mambo ya county, kila county ni kura moja. Sisi hapa Kiambu tuko wengi kama mchele kwa gunia, kura moja. Kuna county huko kaskazini unaendesha asubuhi mpaka jioni unakutana na watu wawili, na mmoja wao ni wewe kwa kioo. Kura moja. Hiyo kitu ilikuwa inaniuma sana. Nilikuwa naambia vijana wa steji, "Hii ni kama kugawa mkate nusu kwa nusu na mtu ambaye hakuja na chai." Wanacheka mpaka wanashikilia handeli. Huo ulikuwa wivu tayari, lakini wivu ukichekesha watu haujijui.

Sasa, nilikuwa na rafiki anaitwa Wafula. Mtu wa Bungoma, alikuwa amepata kazi kiwanda cha nguo hapo Thika, akakodi nyumba ya mabati huku kwetu Gatuanyaga na mke wake Nekesa. Kila asubuhi nilikuwa namfikisha kazini. Tulikuwa tunaongea njia yote, yaani mimi naongea na yeye anasema "eeh." Si bure steji yote inaniita Redio.

Alasiri moja Nekesa akashikwa na uchungu wa kuzaa, Wafula akiwa kazini. Dispensari yetu ilikuwa na wodi mpya ya akina mama. Imejengwa, imepakwa rangi, imefungwa kufuli. Ilikaa hivyo mpaka ndege wakahamia. Kwa hivyo nikambeba Nekesa kwa pikipiki twende Thika, mama jirani akiwa nyuma amemshikilia. Barabara ni vumbi na mashimo. Hatukufika. Mtoto alizaliwa kando ya barabara akiwa kimya, na akabaki kimya.

Kwao Wafula mtu akifa mbali anarudishwa nyumbani, hata kama safari ni ya siku mbili. Lakini kitoto ambacho hakikulia, mchungaji akasema kizikwe tu hapa nyuma ya kanisa. Wafula alichimba mwenyewe. Mimi nikamsaidia kufunika. Hiyo siku Redio ilizima kabisa.

Baada ya wiki kadhaa nikasikia kwa redio, ile ya kweli, kwamba mwananchi yeyote anaweza kuandikia Seneti petisheni kuhusu mambo ya county yake, akusanye sahihi za watu, na Seneti itasikiza. Sikumaliza hata chai. Nikaenda mbio kwa Wafula. Wazo lilikuwa langu, mwanangu. Shika hapo, kwa sababu hapo ndipo nyoka alitagia.

Wafula alifika form four, ana mwandiko kama wa kadi ya harusi. Mimi nilifika darasa la nane, na nikimaliza mwalimu alishukuru Mungu. Kwa hivyo yeye akaandika kuomba wodi ifunguliwe, mimi nikakaa nikisema ongeza hii, toa hiyo. Tukafika mahali pa sahihi.

"Redio, weka jina namba moja," akaniambia. "Wewe ndio umeleta hii kitu."

"Namba moja ni wewe. Mke ni wako."

"Lakini wazo ni lako."

"Bro, mimi naheshimu form four."

Uongo mtupu. Sikuwa naheshimu mtu. Kwa akili yangu, karatasi ikienda kwa serikali, namba moja ndiye hukamatwa. Polisi wakija wanaanzia juu, na wakifika katikati wamechoka. Mimi nikaweka jina langu mwisho kabisa wa karatasi ya mwisho, chini ya shosho mmoja, bibi mzee ambaye aliweka kidole gumba kwa sababu hajui kuandika.

Lakini kazi niliifanya, hiyo siwezi kunyimwa. Nilizunguka Gatuanyaga yote na zile karatasi ndani ya jaketi. Shamba kwa shamba, kanisa kwa kanisa. Watu wako na maswali. "Hii ni ya kuuza shamba yetu?" Hapana, shosho. "Ni ya ile dini mpya?" Hapana, guka, ni ya wodi. Nilikuwa nawachekesha, wanatoa kitambulisho, wanaweka sahihi.

Tukatuma. Tukangoja mpaka tukasahau. Halafu barua ikakuja. Kamati ya Seneti itakuja Thika, ikae kwenye ukumbi, isikize petisheni yetu. Barua ilikuwa na muhuri, na imeandikwa kwa Bwana Peter Wafula na wenzake.

Na wenzake.

Nilisoma mara mbili. Nikageuza nyuma nione kama kuna mahali wameeleza hao wenzake ni akina nani. Tairi zangu ziliisha kwa hiyo kazi, nimefukuzwa na mbwa wa kila rangi, na kwa barua ya serikali naitwa Wenzake.

Hapo ndipo ilianza. Wazee husema hasidi hana sababu, lakini mimi nilikuwa natafuta sababu kila siku na kila siku napata. Kanisani mchungaji akasimamisha Wafula tumwombee. Sokoni mama wa ndizi akamwongezea mbili, "Chukua, mheshimiwa, uende ukatuongelee." Mimi nikasimama hapo hapo kando yake, mama ananiuliza kama naweza kusogeza pikipiki, nimemzibia wateja. Wafula akaazimwa koti ya suti na mzee wa kanisa. Ikamtosha vizuri, na hiyo nayo ikaniuma. Yaani, mwanangu, nilikuwa namwonea wivu mtu aliyezika mtoto. Nilikuwa nalala na hiyo kitu kifuani, na asubuhi naamka nayo imeongezeka uzito, na hata siku moja sikuiita jina lake. Nilikuwa najiambia ni haki tu nataka.

Siku ikafika. Nani alimpeleka Wafula mpaka ukumbini? Mimi. Nikamshusha mlangoni na suti yake, nikaenda kutafuta pa kuweka pikipiki. Kurudi, yeye ameshaketishwa mbele kwenye meza, na chupa ya maji, na maikrofoni yake peke yake, na kikaratasi cha jina. Mimi nikapata kiti cha plastiki karibu na mlango wa choo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja wa mtandio, seneta wa moja ya zile county za kaskazini nilizokuwa nachekea. Akasema, "Bwana Wafula, karibu, tuambie." Na Wafula akaongea. Hakulia, hakupiga kelele. Akaeleza kufuli, akaeleza barabara. Halafu akasema, "Siku hiyo rafiki yangu mmoja alimbeba mke wangu kwa pikipiki."

Rafiki yangu mmoja. Hata jina hakutaja. Baadaye nilikuja kujua alihofia nitaulizwa mbona nimebeba watu wawili bila kofia, lakini wakati ule sikuwa wa kuuliza. Damu ilipanda mpaka masikio yakafunga.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwananchi mwingine ana la kusema. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Wakaniletea maikrofoni.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "mimi ni mzaliwa wa Gatuanyaga. Baba yangu, huko. Guka yangu, huko. Huyu mnamsikiza ni mtu wa Bungoma. Bungoma wako na seneta wao. Hii dispensari ni ya sisi wenyeji, na ilifaa mwenyeji ndio aketi hapo mbele. Sio mgeni."

Watu wengine wakapiga makofi. Mwanangu, kama wangenizomea pengine ningejua mapema. Lakini walipiga makofi, na mimi nikasimama hapo nikiyakula kama mandazi.

Afisa mmoja wa county, aliyekuwa amekaa na faili akingoja kuulizwa juu ya ile kufuli, akaona mlango umefunguka. Akasimama. "Mwenyekiti, umesikia mwenyewe. Wenyeji wanaikana hii petisheni. Imeletwa na watu wa nje. Tunaomba irudishwe."

Hapo makofi yakakauka. Nikaona shosho wa kidole gumba amenigeukia. Macho yake sitaki kukuambia.

Yule mama akatoa miwani. Hakuwa na haraka.

"Kijana," akaniambia, "unajua nimetoka wapi?"

"Kaskazini, mheshimiwa."

"Nimetoka mahali ukitaja Thika watu hufikiri ni ng'ambo. Watu wangu ni wachache, na dispensari yenu sijawahi kuiona kwa macho. Lakini nimekuja kuipigania. Kama mgeni hana neno hapa, basi mimi ni mgeni kuliko huyu. Nifunge faili niende?"

Nikatikisa kichwa, hapana.

"Seneti iliwekwa ili aliye mchache asimezwe na walio wengi. Wewe leo umesimama ndani yake ukitaka kummeza mtu mmoja." Akaniangalia kidogo, halafu sauti ikashuka, kama mama anayekuongelesha jikoni. "Nimelea watoto saba. Najua sura ya chuki, na najua sura ya mtoto ambaye hakupewa kiti cha mbele. Wewe hukusimama kwa sababu ya Bungoma. Au nasema uongo?"

Watu wakacheka. Hata vijana wa steji yetu, walikuwa pale nyuma, wakacheka. Mimi nilikuwa nimezoea kuchekesha watu, sikuwa nimezoea kuchekwa.

"Ondoa hayo maneno," akasema, "na uombe msamaha."

"Naondoa, mheshimiwa. Naomba msamaha."

"Sio mimi. Mwambie yeye."

Nikageuka. "Wafula, pole."

Wafula alikuwa anaangalia ile chupa ya maji. Akasema, "Sawa." Hiyo tu.

Kikao kikiisha nikamfuata karani aliyekuwa anaandika. Nikamwambia, "Boss, si ile sehemu yangu mtafuta? Si nimeondoa?"

"Hatufuti," akasema. "Tunaandika ulichosema, halafu tunaandika kwamba umekiondoa."

"Kwa hivyo zote zinabaki?"

"Zote."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa nimeisikia hiyo tangu darasa la pili na nilikuwa nadhani ni ya watu wa viatu vibovu.

Petisheni haikutupwa, yule mama alikataa. Lakini kwa vile pingamizi ilikuwa imesemwa, ilibidi watu watumwe kuhakikisha sahihi moja moja, kama kweli ni za watu wa huku. Miezi ikapita na kufuli iko pale pale. Mimi nilisababisha hiyo miezi. Kila mama mjamzito niliyembeba kwenda Thika wakati huo niliendesha nikihesabu kila shimo, na nikimfikisha salama narudi nikiwa mgonjwa.

Na lile neno langu halikubaki ukumbini. Nilikuwa nimeondoa kwa Seneti, lakini kwa bomba la maji nani angeliondoa? Nekesa akienda na mtungi anaambiwa wageni wapange laini nyuma. Watu ambao walikuwa wamekaa naye matanga. Mwenye nyumba, ambaye hakuwa na neno na mtu, akakumbuka ghafla kuna kijana wake anataka kuingia ile nyumba. Mimi nasikia haya yote pale steji. Ungesema Redio ingetangaza, ingesema jamani acheni. Redio ilinyamaza, kwa sababu niliona haya, na pia, wacha nikwambie ukweli wote, kwa sababu kakitu kadogo ndani yangu kalikuwa kanafurahi. Wivu ukishaonja hauachi sahani.

Wakahama. Wafula aliita mtu mwingine wa kubeba godoro. Wakaenda Ruiru, upande wa Gitothua.

Halafu wodi ikafunguliwa. Hema, viti, kwaya, wakubwa wa county wakikata utepe kama wao ndio waliililia. Mwana petisheni namba moja hayuko, kwa hivyo wakatafuta mwingine, na nani alipatikana? Nikapewa kiti cha mbele. Nikapewa soda na kitambaa. MC akanishika mkono juu akasema, "Na huyu ni mwenyeji halisi, ndiye alitupigania." Mwenyeji halisi. Neno langu lenyewe, limerudi likiwa limevaa suti. Ile soda sikuimaliza, mwanangu. Kiti nilichokitaka mpaka nikakonda, nilikaa dakika kumi nikaenda nyuma kusimama na pikipiki.

Kesho yake nikaenda Gitothua. Nikaulizia mpaka nikapata ploti waliyopanga. Nekesa alikuwa anaanika nguo, na tumbo lilikuwa kubwa tena. Alikuwa ananiita shem. Siku hiyo akaniita jina ambalo hata mama yangu hulitumia nikikosea tu.

"Karanja. Ingia."

Hao watu hawakuachi na njaa hata wakiwa na hasira. Akaniwekea ugali na mrenda, akakaa kwa stuli akiniangalia nikila. Wafula alikuwa kazini.

"Nasikia imefunguliwa," akasema.

"Eeh."

"Nani aliketi mbele?"

Ningedanganya. Nikaona haina maana. "Mimi."

"Kilikuwa kitamu?"

Nikarudisha tonge kwenye sahani. Akachukua sahani, akaiweka chini, akaanza kuongea polepole akiwa anakunja nguo ndogo ndogo za mtoto.

"Ungekuja kwangu useme, 'Nekesa, nataka kile kiti,' ningekuambia chukua. Wafula hakukitaka. Alikaa pale kwa sababu ya kile kitu alizika. Wewe ulitaka kiti. Kaburi pia ulitaka?"

"Hapana, Nekesa."

"Mkasema sisi ni wageni. Sawa. Mimi nikiulizwa kwetu nasema Bungoma. Lakini huyo mtoto wangu hajawahi kuona Bungoma. Yeye ni wa Gatuanyaga. Kwa hii nyumba yetu, mwenyeji ni yeye peke yake, na mlitufukuza tukamwacha." Akakunja nguo nyingine. "Nani anapalilia pale?"

"Sijui."

"Basi sasa unajua."

Siku hizi kila Jumamosi kabla sijapiga kazi napita nyuma ya kanisa na jembe. Sikuambii ndio unisifu, kwa sababu haijarudisha kitu. Wafula tunasalimiana kwa simu. Wakapata msichana, mzima, nikatuma pongezi, akajibu "asante Karanja." Redio haniiti tena. Mtoto huyo nimemwona kwa picha tu, na kwao sijaitwa.

Sasa utaniuliza kwa nini nakuambia haya leo, na abiria wanakaribia. Ni kwa sababu jana nilikusikia. Ulikuwa unaambia wenzako kwamba Mutua asipewe uchairman wa steji kwa vile ni Mkamba na hii steji ni ya watu wa huku. Mutua amewazidi nini, mwanangu? Niambie mimi, hawa hawasikii. Amewazidi kwa wateja kumpenda. Amekuzidi wewe kwa kura tatu. Hiyo ndio iko kifuani, na hakuna Mkamba hapo.

Wivu hauna nguo zake. Ukitaka kutoka nje unaazima. Unaazima haki, unaazima mila, na hapa kwetu Kenya koti iliyo karibu zaidi na inayotosha kila mtu ni kabila. Ukiivaa watu watakupigia makofi, na kelele ya makofi haitakuacha ujue umefanya nini mpaka umeshafanya. Kwa hivyo ukiusikia unakuja, uuite jina lake wewe mwenyewe, hata kama ni ndani ya choo. Sema, "Huu ni wivu, mimi pia nilitaka." Hiyo sio dhambi kubwa, kila mtu hutaka. Halafu mwambie mwenye kiti, "Hongera, na imeniuma." Mimi kama ningemwambia Wafula hivyo njiani, kabla hatujafika ukumbini, angecheka na angenivuta niketi naye. Namjua. Meza ilikuwa na nafasi.

Na kazi ikikuogopesha ukampisha mwenzako mbele, ikizaa matunda usirudi kudai namba moja. Hiyo uliuza kwa woga wako.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Mimi nilimfukuza mgeni, na wenyeji tukapona kwa dawa yake.

Nenda umwambie Mutua hongera, uende na miguu, usimpigie honi. Mungu akupatie macho ya kuona cha mwenzako bila kupata kiu. Akupatie rafiki anayesema "eeh" ukiongea mingi, na akupatie akili ya kumtunza. Ulimi wako ukitaka kukimbia, aufungie breki kabla ya kona. Na siku ukipewa kiti cha mbele, kiwe ni chako kweli, ukikalie, umalize soda yako kwa amani.